Kwa Mdogo Wangu Dobi, Kuhusu Dakika ya Tisa

Mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu Jumanne ile asubuhi ulipotutoka. Chai aliyokuletea mumeo kwenye chupa ilikuwa bado ya moto.

Kazini walikuita Dakika. Mama alikuita Kitinda. Mimi nilikuita "we mtoto" hata ulipofika miaka arobaini na tatu na mvi mbili ulizokuwa ukizing'oa mbele ya kioo changu. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, familia imenipa kazi ya kuandika tangazo hili. Wifi yako amelisoma akasema, "Mume wangu, kumbukumbu haziandikwi hivi. Sema alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, umalize." Nimemjibu kwamba yote hayo ni kweli, lakini hata mtu tusiyemjua anaweza kuandikiwa hivyo. Mimi nataka aliyekujua akisoma aseme, ndiye huyu.

Ulifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye duka la dobi, kile chumba cha nyuma cha pasi, ambako mvuke haukauki na kalenda ya ukutani imejikunja pembe zote. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Ulinyoosha mashati ya watu wasioijua sura yako. Sikio moja lilikuwa na kispika cha simu, lingine uliliacha wazi ili umsikie bosi akiita.

Ulichokuwa unasikiliza ndicho kilichotushinda. Ulituambia kinaitwa posti-roki. Magitaa, ngoma, mara mojamoja fidla, na hakuna anayeimba. Wimbo mmoja dakika kumi, mwingine dakika ishirini. Unaanza polepole kama mtu anayepapasa kutafuta ufunguo, unarudia palepale, unaongezeka kidogo, unarudia tena, mpaka ghafla nyumba nzima imejaa.

"Hawa bado wanajaribu vyombo?" nilikuuliza siku ya kwanza. "Wataimba lini?"

"Hawaimbi, kaka."

"Wamekatwa ndimi?"

"Wamekuachia wewe nafasi."

Nilikuambia nafasi ninayo ya kutosha, ninachokosa ni wimbo. Ukanirushia taulo.

Zile bendi kubwa za muziki huo hukuhangaika nazo. "Hao wana watu wao," ulisema. "Mimi natafuta wasio na mtu." Wakati wa mapumziko ya mchana ulikula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye simu, unachimba. Bendi yenye wasikilizaji elfu moja uliiona imeshakua, imeondoka nyumbani. Ulipenda zenye hamsini, thelathini. Moja ilikuwa na watu sita dunia nzima, ukatembea wiki nzima kifua mbele kwa sababu wewe ni wa saba. Majina yao yalikuwa ya lugha zinazotukata midomo, kwa hiyo uliwabatiza upya. Waokaji, kwa sababu mpiga ngoma wao kazi yake ni kuoka mikate. Watu wa Gereji. Mashemeji, kwa sababu wawili kati yao wameoa mtu na mdogo wake. Kwenye meza ya chakula ulisema "Mashemeji wametoa mpya" kama vile ni watu wa ukoo wetu, na mama akakuuliza wametoa mpya gani, wa kike au wa kiume.

Na hukuwa unagawa ovyo. Watu wengi wakipenda kitu wanakimwaga kwa kila anayepita. Wewe ulimwuliza mtu siku yake ilikwendaje, kisha ukanyamaza, kama mfamasia anayetazama rafu. Halafu ukachukua kile kikaratasi kigumu cha namba, kile mnachokibana kwa pini kwenye nguo ya mteja, ukageuza upande usio na namba na kuandika. Jina la bendi, jina la wimbo, na maelekezo. "Huu wa kuoshea vyombo." "Usisikilize ukiwa na haraka." "Vumilia mpaka dakika ya saba." Hilo la kuvumilia uliliandika mno, ndipo wenzako wakakuita Dakika.

Nakumbuka yule wakili mwenye uso kama mlango uliofungwa. Ulibana karatasi kwenye koti lake jeusi bila kuulizwa, eti mara mbili ulimwona akikaa ndani ya gari lake nje ya duka bila kuliwasha. Kesho yake akarudi.

"Nani ameniandikia haya kwenye koti langu?"

Bosi wako akakuita mbele. Bosi akaomba radhi mara nne, akaahidi haitatokea tena, na ukapewa onyo la maandishi. Wiki tatu baadaye wakili akaleta shati moja.

"Bwana, shati hili ni safi," bosi akamwambia.

"Lifueni hivyo hivyo. Apewe yule mama wa juzi."

Alikuja hivyo kila mwezi mpaka ulipoondoka. Kwenye maziko alisimama nyuma kabisa. Hatukumjua, nikamuuliza wewe ni nani kwake. Akasema, "Mimi ni mteja wake." Kisha akakohoa akasema, "Dakika ya saba." Wenzako wa kazini wakacheka na kulia kwa pamoja.

Hukuwa malaika. Umeunguza sufuria za mumeo zisizo na idadi kwa sababu uliambiwa chakula kimeiva wakati magitaa ndiyo kwanza yanapanda. Ulikuwa king'ang'anizi. Mtu akikuambia "sijaipenda," hukukubali mpaka akueleze aliishia dakika ya ngapi. Na ulijua kunipiga palepale panapouma. Mimi ni fundi vigae. Siku moja nilipokuwa nakusema kwamba muziki wako hauna haraka, ulinijibu:

"Kaka, wewe unapanga kigae kimoja kimoja kutwa nzima. Mwenye nyumba akichungulia unamwambia, tulia, chumba hakijaisha. Wewe mbona hutulii?"

Nikasema chai imepoa.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nikatae kuandika tangazo fupi.

Koti langu la kazi ulilifua wewe kila Jumamosi, kwa sababu ulisema saruji yangu inaiaibisha familia. Jumamosi moja ulinirudishia koti likiwa na karatasi mfukoni. Wimbo wenyewe ulikuwa umeshauweka kwenye simu yangu. Bendi ya watu watatu, wasikilizaji arobaini na mmoja. "Huu ni wako," ulisema. "Nimeutafuta miezi minne." Nikatazama karatasi. "Dakika kumi na nne. Usikilize ukiwa na kazi mkononi." Nikairudisha mfukoni. Siku iliyofuata kazini niliuwasha, nikasikiliza dakika mbili, nikaweka matangazo ya mpira.

Ulikuwa ukiniuliza kila wiki. Nami kila wiki nilikuwa na kazi nyingi. Kisha moyo wako ukaanza kukusumbua, ukalazwa.

Nilikuja wodini siku ya Jumamosi. Binti yako alikuwa amekaa miguuni pako anakukata kucha. Ulikuwa umekonda, na hilo lilinitia woga, na mimi nikiingiwa na woga nasema lolote.

"Umeusikiliza, kaka?"

"Nimeusikiliza."

"Wote?"

"Wote! We unanionaje?"

"Dakika ya tisa je?"

"Pale?" nikasema. "Pale ndipo penyewe! Magitaa yalivyolia, nikaweka mwiko chini. Nikasema huyu mtoto ana masikio."

Ulinitazama. Kisha ulicheka, ukacheka, mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Ukanishika mkono ukasema, "Asante, kaka yangu." Nikatoka wodini nimenyooka, nikijua nimekufurahisha. Siku tatu baadaye ukatutoka.

Miezi minane sikuugusa wimbo ule. Mwezi wa tisa nilikuwa napanga vigae vya bafu kwenye nyumba mpya, bado haina milango, niko peke yangu. Simu niliiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikauwasha.

Gitaa moja, maneno yaleyale. Sema si maneno, lakini unanielewa. Safu ya kwanza ya vigae nikaimaliza wakati ngoma inaingia. Safu ya pili magitaa yakawa mawili. Sijui walifanyaje, lakini nilikuwa naweka kigae wanaweka chao. Wakapanda. Nikawa nagonga kigae kwa nyundo ya mpira huku nimeuma meno. Yakafika pale pa kupasuka.

Yakanyamaza.

Nikadhani simu imezima. Nikaivamia na mikono yenye saruji, nikaigonga kwenye paja. Ikawa inawaka. Sekunde zinatembea. Nikatazama vizuri. Dakika ya tisa.

Mdogo wangu, nilikaa juu ya boksi la vigae kama mtu aliyesukumwa. Hakuna magitaa yanayolia dakika ya tisa. Hakuna kitu chochote dakika ya tisa. Wewe uliniuliza ukijua, nami nikakueleza kwa mikono na miguu jinsi ukimya ulivyonifurahisha.

Nilirudi nyumbani nikalitafuta lile koti. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango tangu siku zako, halijafuliwa, maana aliyelifua ni nani tena. Karatasi ilikuwamo. Mimi si mteja, sina namba, kwa hiyo uliandika pande zote mbili. Mimi nilisoma mmoja. Upande wa pili ulikuwa umeandika: "Dakika ya tisa ni kimya kitupu. Usiguse simu, kaka. Haijaharibika."

Nilikukasirikia. Nitasema ukweli. Mtu anamwachaje kaka yake aondoke na uongo wake hivyo, na wewe unajua hali yako? Nikamwendea binti yako nikamwuliza. Akainama, akawa anajizuia asicheke.

"Mama alijua, mjomba. Ulipofika kwenye korido tu alisema, 'Mjomba wako mwongo, na hajui kudanganya.' Akacheka tena mpaka akashika ubavu."

"Sasa alinishukuru nini?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, 'Amekuja kunidanganya ili nifurahi. Mwache. Huo wimbo atafika tu.'"

Basi nimefika, mdogo wangu. Nimechelewa, nimefika. Mbele ya wote wanaosoma hapa nasema kwamba nilikudanganya ukiwa kitandani, na naomba unisamehe. Na kwa kuwa uliniuliza swali na sikulijibu, nalijibu sasa.

Dakika ya tisa nilisikia bomba likidondosha maji jikoni. Nilisikia mtu anapaka rangi ukutani kwa brashi nyumba ya pili. Nilisikia mtu anahema kwa nguvu, kumbe ni mimi. Nikakusikia wewe unasema usiguse simu, ingawa karatasi nilikuwa bado sijaigeuza. Kisha lile gitaa la mwanzo likarudi peke yake, polepole, likasema lilelile la mwanzo, nami nikalia mpaka saruji ikakauka kwenye ndoo. Nilitupa ndoo nzima. Mwenye nyumba nimemwambia ni joto.

Sasa habari za nyumbani. Ulipoondoka, wasikilizaji wa bendi ile walishuka wakawa arobaini. Binti yako ndiye alinionyesha. Leo ni arobaini na watatu. Mmoja ni mimi. Wa pili ni wifi yako, ambaye anasema haupendi, lakini nimemkuta anaupigia pasi. Wa tatu ni mama. Tunamwekea Jumapili, anakaa na kitambaa chake mapajani, na ikifika dakika ya tisa mumeo anataka kueleza, mama anamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Wanapumzika."

Binti yako amechukua nafasi yako kwenye chumba cha pasi kwa siku za likizo yake. Bosi amemkabidhi boksi la vikaratasi akamwambia, "Andika upande wa pili, lakini kwa mwandiko unaosomeka." Wakili ameshaleta shati lake safi.

Na wewe msomaji uliyefika hapa ukisubiri tangazo liishe, nakuomba jambo moja kwa ajili yake. Leo tafuta bendi ambayo haina mtu. Isikilize mpaka mwisho. Kisha mwambie mtu mmoja, yule tu unayeona itamfaa.

Unakumbukwa na mama yako. Na mumeo, ambaye siku hizi sufuria anaziunguza mwenyewe. Na binti yako na mdogo wake. Na wifi yako. Na wenzako wa chumba cha pasi pamoja na bosi. Na mteja wako wa shati moja. Na mimi kaka yako, fundi vigae.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu. Na simu hatuigusi.