Kipande cha Piza Ulichokiita Sengu

Dar es Salaam,
Jumatatu jioni

Kaka Egno,

Shikamoo. Ipokee tu hiyo shikamoo, maana mama alitufundisha kwamba mdogo humwamkia mkubwa hata kama wamegombana, na mimi mafundisho ya mama sijayatupa. Ungekuwa rika langu ningeanza na ugomvi moja kwa moja.

Habari za huko? Wifi Batilda hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule hapo Kigonsera, na baridi ya mwezi huu imewaachia vifua? Habari za mama sikuulizi wewe. Hizo nimezipata kwa mjomba Kandidus, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una homa, na aliyeutia homa ni wewe.

Mjomba alifika hapa Dar wiki iliyopita kutibiwa macho, akafikia kwangu. Hata maji ya kuoga sijamwekea, akaniambia, "Otilia mwanangu, umekubali vipi shamba la mama yako liuzwe kwa yule bwana wa kahawa?"

Nikamuuliza, "Shamba gani, mjomba?"

"Lile la chini, la mtoni. Egno alituita wote. Akasema wewe na yeye mmeshakula sengu huko Dar, mmekubaliana, mmemaliza. Mlikula chakula kimoja, yeye na wewe. Basi sisi tukanyamaza. Jambo limeshapita kwenye sengu, nani alirudishe nyuma?"

Lo! Kaka, nilikaa chini sakafuni. Kwanza nilicheka, mjomba akadhani nimepata wazimu. Halafu nikalia. Halafu ikaja hasira, na hiyo hasira mpaka sasa haijapoa. Eti sengu! Ile ndiyo ilikuwa sengu?

Haya, tukumbushane ilivyokuwa, maana naona unakumbuka yale tu yanayokufaa. Mjomba amekaa hapa pembeni yangu, kila ninachoandika namsomea, na barua hii ataibeba yeye mwenyewe. Kwa hiyo usijisumbue kusema haikufika.

Kazi yangu unaijua, uliiona kwa macho yako. Niko kwenye mgahawa wa yule mama wa Kitaliano, tunamwita Sinyora. Tangu kila biashara iwe ruksa, wageni wamefungua migahawa yao huku pwani, na watu wetu wenye nafasi nao wamezoea, Jumapili wakitoka kanisani wanakuja na watoto kula piza na tambi. Asubuhi nilikuwa nakanda unga na mayai, nausukuma mpaka uwe mwembamba kama kitambaa, naukata tambi, nazitundika zipate upepo. Mchana nabeba sahani. Sinyora ana sharti moja na analisema kila siku kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: mfanyakazi hali na mteja. Akikukuta unatafuna mezani kwa mtu, umekwisha.

Jumapili ile ukatokea. Umevaa koti la mtumba katika joto hili la Dar, jasho linakutiririka mpaka kidevuni, na nyuma yako yule bwana wako wa kahawa. Kabla hajakaa alishaiweka simu yake ya mkononi pale mezani karibu na chumvi, watu wote waione. Nilifurahi, kaka. Mungu ananiona, nilifurahi mno, maana mtu wa nyumbani sikuwa nimemwona siku nyingi. Nikaja mbio nipige goti nikuamkie. Wewe ukanipa ncha za vidole, ukasema, "Tuletee chakula kizuri, usituaibishe mbele ya mgeni."

Nikawaletea tambi kwanza. Ukaonja, ukasema kwa sauti mgahawa mzima ukasikia, "Mbona hizi tambi hazina sukari?" Sikukucheka. Kwetu tambi ni za sikukuu na ni za sukari, ungejuaje? Nikakuletea sukari kimyakimya, ukaimwaga juu ya mchuzi wa nyama, ukala. Meza ya jirani kulikuwa na mzungu aliyeanza kukohoa kicheko. Nilimkazia macho mpaka akainama kwenye sahani yake. Wewe hukuona, lakini nilikulinda.

Halafu ikaja piza, nzima, juu ya ubao wake, nikaiweka katikati yenu. Hapo ndipo ulipoinua kichwa ukanisemesha Kimatengo, kwa sauti ya chini, ile sauti uliyokuwa ukiitumia zamani tukichunga mbuzi wa babu. "Otilia, chukua kipande. Watoto wa baba mmoja wanakulaje, mmoja amekaa na mwenzake amesimama?"

Ningefanya nini? Nikatae chakula cha kaka yangu mkubwa mbele ya mgeni wake? Kwetu hayo ni matusi, na wewe ulijua kwamba siwezi. Nikachukua kipande, nikala nimesimama vilevile, sinia nimelibana kwapani, jicho moja kwenye mlango wa jikoni. Jibini ya moto ikaniunguza ulimi. Na kinywa kikiwa kimejaa, ukaniuliza kama mtu anayepiga soga, "Mama amezeeka. Lile shamba la chini linamshinda sasa, au siyo?"

Nikakujibu, "Kweli, kaka, amechoka. Tumsaidie."

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu yote, sikuongeza wala sikupunguza. Mimi nilikuwa nawaza kumtafutia vibarua wa kumchimbia ngolo, yale mashimo yetu ya kupandia, na kumpalilia kahawa. Kumbe wewe ulikuwa unawaza mnada.

Na kilichofuata unakijua, ingawa najua huko nyumbani hukukisimulia. Sinyora akatokea jikoni. Akanikuta natafuna. Akauliza, "Nini hii?" Mimi kinywa kimejaa, siwezi kusema, nikakutazama wewe. Neno moja tu, kaka. Ungesema, "Huyu ni dada yangu, nimemkaribisha mimi," yangeishia pale. Yule mama ni mkali, lakini habari ya ndugu anaijua, hata kwao wanakula wameizunguka meza moja bibi na wajukuu. Wewe ukamtazama yule bwana. Ukalitazama gauni langu la kazi lenye unga. Ukasema, "Sijui. Labda ana njaa."

Yule bwana akacheka. Na wewe ukacheka pamoja naye.

Tangu siku ile sipeleki tena sahani mezani, na unga amepewa mwingine. Mimi niko nyuma, nasugua masufuria. Vidole vimechanika kwa sabuni. Hata hivyo nilikusamehe. Niliuambia moyo wangu, alishikwa na aibu, mbele ya tajiri hata mtu mzima anaweza kushikwa na aibu, yatapita. Nikakutetea hata kwa wenzangu waliokuona, nikawaambia wewe ni mtu wa kijijini kwetu tu, hatujuani sana. Nimekukana mimi ili wasikutukane.

Kumbe wewe kile kipande umekifunga na kukibeba mpaka Mbinga!

Sasa ngoja nikueleze sengu, maana inaelekea umeisahau. Sengu ilikuwa kwa babu, pale penye jiwe la kunolea. Wanaume wa ukoo na wavulana wanakaa, wanakula pamoja, ugali na maharage. Wakishashiba, kila mwenye jambo analisema mbele ya wote, na mwenye kosa naye anapewa tonge kabla ya kuulizwa. Hapakuwa na mtu aliyewahi kula sengu bila kujua kwamba ile ni sengu. Hapakuwa na sengu ya watu wawili. Baadaye watu wakahamishiwa vijijini, kila mmoja akaanza kula kwake na mlango ameufunga, ikafa. Wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza kuisema, ukitoka shule unaiita mambo ya kishamba. Leo umeifufua. Umeifufua upate njia ya kumnyang'anya mama shamba.

Na umeifufua kwa mdomo wangu! Mimi niliyeijua sengu kwa upande wa sufuria. Tangu nimepata akili mimi na dada zetu tulikuwa tunasonga ugali, tunaubeba, tunapiga magoti, tunawamwagia maji mikononi, halafu tunarudi jikoni kula makoko. Hakuna aliyewahi kuniambia, "Otilia, kaa." Siku moja tu nimeambiwa nile na kaka yangu, nami nikala nimesimama, na hapohapo nimeshauza shamba.

Kaka, chagua. Kwa Sinyora ulisema mimi ni mfanyakazi mwenye njaa, hunijui. Kwa mjomba umesema mimi ni ndugu yako tuliyekula sengu. Kwa kipande kimoja siwezi kuwa wote wawili.

Kama mimi ni mfanyakazi mwenye njaa, basi hapakuwa na sengu yoyote. Waite tena watu wale wale uliowaita, uwaambie, "Niliwadanganya." Usimtume mtu akusemee.

Na kama mimi ni ndugu yako wa sengu, vizuri, nimekubali, asante kwa kunikaribisha. Ila ujue kwamba mtu wa sengu ana neno lake, na neno langu ni hili: sitaki. Shamba la mama haliuzwi. Usije ukanitolea habari ya mwanamke hana kauli kwenye ardhi ya ukoo. Hiyo umeivunja wewe mwenyewe siku ulipojitapa kwamba nimekubali. Kama kukubali kwangu kulikuwa na nguvu, na kukataa kwangu kuna nguvu hiyohiyo.

Tena nikuulize. Yule bwana si anatafuta mahali pa kujenga ghala na kuweka mtambo wake wa kumenyea kahawa? Mbona hukumpa shamba lako la juu? Lako liko karibu na barabara, gari linafika mpaka mlangoni. La mama liko bondeni, mvua ikinyesha hata punda anakataa. Baba alipokugawia la juu alisema la chini ni la mama mpaka siku atakapozikwa. Ile kahawa walipanda wote wawili, mama akiwa na mimba yangu. Wewe ulikuwepo, ulikuwa mkubwa, ulishika kamba ya kupimia mistari. Unajua vizuri kuliko mimi.

Mama hawezi kugombana na wewe. Anakuogopa, na mwana kuogopwa na mama yake si jambo la kujivunia. Mjomba anasema tangu uwaite, mama kila asubuhi anateremka kule mtoni hata kama hakuna kazi. Anapita katikati ya maharage anang'oa majani hata pasipo na majani. Akiulizwa anasema, "Napasafisha, watu wasije wakasema nilikaa na uchafu." Nilipoyasikia hayo nilijua barua peke yake haitatosha.

Kwa hiyo nimeshamwambia Sinyora kwamba naenda nyumbani. Amesema nikirudi huenda nisikute kazi. Nimemwambia haya. Mjomba akishaifikisha barua hii, mimi nipo nyuma yake, naja na basi la Songea. Usije kunipokea stendi. Wewe shughulika kuwaita watu. Waite wote, na yule bwana wako umwite, aje asikie. Wifi aweke ugali na maharage, na kama kuna mboga ya maboga itakuwa vizuri, nimeikumbuka.

Lakini wifi asiniite jikoni, na wala sitabeba sufuria. Nitakaa pale mtakapokaa ninyi. Kama hakuna kiti nitakaa kwenye lile jiwe la babu. Na maji ya kunawa utaniletea wewe, kaka Egno, na kitambaa begani, kama tulivyokuwa tunawafanyia ninyi. Nitanawa, nitakula taratibu, nitameza tonge lote. Safari hii nataka kusema kinywa kikiwa kitupu, asiwepo mtu wa kuyabeba maneno yangu nusunusu.

Mama mwambieni asitie dole gumba popote mpaka nifike. Mjomba atamwambia, lakini na wewe mwambie, nataka alisikie kutoka kwako. Wifi Batilda, na wewe sina neno, na kama kaka anakuzuia kusema, nyamaza, nitakusemea. Shangazi Gaudensia huko Lituhi mpelekeeni salamu, dagaa wake wa ziwani aliompa mjomba wamefika salama wala hawakupondeka. Tumewala na ugali mimi na mjomba sakafuni, na hakuna kitu anachouza Sinyora kinachofikia utamu ule. Watoto wako wape pole ya baridi, waambie shangazi yao anakuja na mkate.

Nimemaliza. Mjomba amesikia yote na amesema nisifute hata mstari. Tutaonana tukinawa.

Ni mimi mdogo wako,
Otilia, yule mwenye njaa.