Kiri Tu, Yaishe

Jumapili, 8 Juni 1975

Baada ya misa Telesphor kanivuta pembeni. Kesho anasimama mahakamani: anashtakiwa kuiba madebe mawili ya asali ya kijiji. Mimi ni mshauri wa mahakama, nakaa na hakimu kuamua kesi, sikutakiwa hata kumsikiliza. Lakini kutundika mizinga nimemfundisha mwenyewe! Nikamwambia: kiri tu, yaishe. Kwetu mwizi wa asali akikiri mbele ya watu, anatengeneza mizinga mipya, anamtundikia mwenye mali, basi. Mwaka juzi tulimhukumu Lyamba hivyo hivyo. Akaondoka anatabasamu. Nami nikajiona mtu wa maana.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa!

Amekiri hata kabla shtaka halijaisha kusomwa. Kwa sauti kubwa, macho kwangu. Tulipoingia chumbani kwa hakimu, Telesphor hayupo, nikapendekeza mizinga kumi. Hakimu — kijana, mpole, ametoka chuoni mwaka jana — akasema ile ya Lyamba ilikuwa asali ya mtu binafsi. Hii ni ya kijiji cha ujamaa, mali ya umma, na ina kifungo cha lazima. Miaka mitatu. Haipungui. Sikuwa najua! Miaka sita nakaa kwenye kile kiti, sikuwa najua.

Nikauliza kifungo ni cha kazi gani hasa. Akajibu kwa adabu: kuwatisha wengine, kumrekebisha huyu, kulinda mali ya wananchi. Na kijiji kitapata nini? Akafunga faili. Kitapata haki, mzee.

Haki! Miaka mitatu bila mzinga hata mmoja. Hukumu Ijumaa. Dhamana imefutwa, Telesphor yuko mahabusu.

Jumanne, 10 Juni

Shahidi alikuwa mmoja tu, mlinzi, na alimwona kwa mbali. Asingekiri, huenda angeachiwa. Nimemweleza mshauri mwenzangu, Alois. Kashika kichwa. Anasema nikimwambia hakimu kwamba mimi ndiye niliyemwambia akiri, huenda kesi ikaanza upya, lakini na mimi nitashtakiwa. Mzee mzima, wajukuu tisa, ukalale na chawa? We nyamaza, Makarius.

Nimenyamaza. Naogopa, ndiyo ukweli.

Jumatano, 11 Juni

Goreth, mke wa Telesphor, kaja na kuku. Kapiga goti. Asante baba, ametuambia umemsaidia. Mtoto wao mdogo yuko mgongoni, anakohoa. Nilitaka kusema. Nikauliza kama mtoto amepata dawa.

Kuku yuko jikoni, amefungwa mguu. Sijaweza kumchinja.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nimekwenda mahabusu. Telesphor mchangamfu! Ameshachagua miti ya kutengenezea mizinga upande wa Kabungu, magome yake yanabanduka vizuri. Anaomba nimwekee shoka lake, kesho akitoka aende moja kwa moja porini. Askari akacheka. Telesphor naye akacheka, akidhani wanacheka kitu kimoja. Nikasema nitaliweka.

Kwa nini nilisema hivyo?

Saa kumi Goreth kalileta. Kalinoa mwenyewe, linang'aa. Liko hapa miguuni pangu.

Nyumba ya hakimu naiona kutoka hapa. Yuko uani, anamwagilia mchicha. Peke yake, naweza kumwambia. Nimevaa viatu. Nimevua. Mke wangu anauliza nakwenda wapi, nimemwambia sijui. Nimevaa tena. Hakimu ameanza tuta la mwisho, akimaliza ataingia ndani —