Makoti ya Ilemba

Baba Fides, shikamoo.

Chuoni nilikuita Profesa kama wenzangu wote. Lakini sasa umelala kijijini kwako Mollo, na Mollo hakuna aliyewahi kukuita Profesa, kwa hiyo nitakuita wanavyokuita nyumbani. Ninakuandikia kutoka nyumba ya wageni ya misheni hapa Sumbawanga, kwenye ile meza ya dirishani uliyokuwa ukiigombania na mapadri. Ni mchana, upepo ni ule ule wa kukata masikio, na nimejifunga kitenge juu ya sweta. Asubuhi nilipita kaburini kwako. Mama Fides amepanda maua pembeni, lakini mahindi ya jirani yameota karibu mno na msalaba na hataki yang'olewe. "Yaache," aliniambia. "Mwenyewe alipenda kukaa karibu na chakula." Tukacheka. Halafu kila mmoja akatazama upande wake.

Yametokea mengi. Nianze na Kituo chetu pale chuoni, maana najua ndicho ungekiulizia kwanza, kabla hata ya kuuliza hali yangu.

Kiti chako amekikalia Dokta Lugome. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Kuta zimepakwa rangi, kompyuta zimekuja, na kibao cha mlangoni, kile kilichokuwa kimefutika hadi wageni wakadhani sisi ni stoo ya chuo, sasa kinasomeka toka barabarani: masomo ya usalama wa kimataifa, kwa herufi za dhahabu. Wageni hawakatiki. Wiki ikiisha bila warsha hotelini tunaona kama tumefukuzwa kazi. Enzi zimebadilika, kila kitu kinatafuta mnunuzi, na sisi nasi tumepangwa dirishani.

Lakini kikao cha Jumatatu, Baba Fides. Unakikumbuka kikao chako? Uliingia na kikombe chako cha chai, ukakaa, na kabla hujafungua kinywa kwa lolote jingine ukauliza, "Nani ametoka huko?" Huko maana yake mpakani, makambini kwa wakimbizi, ziwani. Aliyetoka huko alisema kwanza, hata kama ni dereva Sefu, na maprofesa wakasubiri. Sasa mkurugenzi anasema kwanza. Aliyetoka huko anasema mwishoni, muda ukibaki. Na muda haubaki.

Nilikuja kukuzika nikiwa na ruhusa ya siku chache. Ulikuwa umeanguka shambani asubuhi na jembe mkononi, presha, na watu wa Mollo walikuwa bado wanaongea kana kwamba umeingia ndani kubadili shati. Baada ya mazishi sikurudi Dar es Salaam. Nilipanda lori la mahindi nikashuka bondeni, Ilemba, kwa sababu ulikuwa umepanga twende pamoja mwezi ule, na sikujua kitu kingine cha kufanya na huzuni yangu. Lori lilipita kwetu Mpui, pale ulipokuwa ukisimamisha gari kila safari ili umsalimie mama yangu kwa Kifipa na kuondoka na mfuko wa maharage. Sikushuka. Ningeshuka ningelia mbele ya watu wote wa kituoni.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponipeleka Ilemba? Nilikuwa nimetoka darasani, nimejaa maneno. Nikakusomea sentensi yangu kuhusu migogoro ya matumizi ya rasilimali baina ya jamii za wakulima na wafugaji. Ukasikiliza hadi mwisho kwa heshima zote, ukaniuliza, "Maana yake ng'ombe wamekula mtama?" Nikasema ndiyo. "Basi andika ng'ombe wamekula mtama. Mtu wa Umoja wa Mataifa naye anajua ng'ombe."

Siku ile ile tuliwakuta Mzee Masunga, yule Msukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake miaka mingi kabla, na Gaudens, Mfipa mwenzetu aliyeteremka kulima, wakitukanana pale mtoni mifugo inapokunywa maji. Walitukanana mpaka sauti zikawakauka. Mimi niliogopa nikarudi nyuma ya gari. Wewe ulikaa juu ya jiwe, ukamenya muwa. Tulipoondoka ukasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Mwanangu, hawa hawataumizana. Bado wanasikilizana. Siku ukifika hapa ukakuta kimya, siku hiyo uogope."

Ulishasema ofisini kwamba vita vya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika haviji kwetu kwa gwaride. Vinakuja ndani ya gunia, bunduki moja kwa magunia kadhaa ya mahindi, halafu vinapanda juu Ufipa na kushuka bondeni kwa mtu yeyote anayeogopa kuibiwa. Usalama wa kimataifa, ulisema, unaishia kwenye shamba la mtu. Wengine walikucheka. Nilikuwepo, niliwaona.

Basi nilifika Ilemba, nikakuta kimya.

Ng'ombe walikuwa mtoni. Mtama wa Gaudens ulikuwa umekanyagwa upande mmoja wote, mabua yamelala chini. Na hakuna aliyepiga kelele. Gaudens alipita karibu na Masunga akamwambia, "Za saa hizi, mzee." Masunga akajibu, "Nzuri, mwanangu." Kwa adabu kabisa, kama watu wawili wanaokutana benki. Jua lilikuwa kali, unalijua jua la bondeni, shati lilinigandama mgongoni. Na Gaudens alikuwa amevaa koti. Koti zito la mitumba, refu hadi magotini, limefungwa vifungo vyote. Akitembea, mkono mmoja haukuchezacheza, ulibana kitu ndani ya koti.

Nilikwenda kwa Masunga. Wakeze walinikaribisha maziwa, nikakaa. Hakuwa amesikia habari zako. Aliniuliza, "Mkubwa wako yuko wapi? Mbona umekuja peke yako?" Nikamwambia. Alivua kofia akaiweka gotini. Halafu akasema, "Basi hakuna tena wa kuambiwa."

Nikamwambia, niambie mimi, mzee.

Akanitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. Wakati huo mtoto wake Maduhu akaingia uani kutoka machungani. Unamkumbuka Maduhu, mcheshi, aliyetaka umpeleke chuo akasomee urubani. Alinisalimia akitazama chini. Jasho lilikuwa linamtoka kidevuni. Naye alikuwa amevaa koti.

Masunga aliona kwamba nimeona. "Walikuja watu na bidhaa ndani ya magunia," alisema polepole. "Sisi tukanunua kwa sababu tulisikia wale wamenunua. Na wale walinunua kwa sababu walisikia sisi tumenunua. Aliyeanza hakuna. Sasa, binti, tunasalimiana vizuri sana."

Nilirudi Kituoni nikaeleza yote. Dokta Lugome alinisikiliza akigeuzageuza kalamu. Alikuwa anaandaa warsha ya amani na uwekezaji, safari hii hapa hapa Sumbawanga, pamoja na wageni waliotaka kuona mkoa. Aliniambia, "Skola, koti si takwimu. Siwezi kusimama mbele ya watu hawa niwaambie nina hofu kwa sababu ya makoti." Nikamuuliza, basi anasubiri nini? Akasema nisichukulie mambo kwa uchungu wa msiba. Nilitoka, nikaenda kukaa kwenye gari na Sefu. Aliwasha redio.

Warshani nilipangwa kugawa makabrasha. Ukumbi ulijaa, maua ya plastiki mezani, chupa za maji. Afisa mmoja wa hapa alisimama akatoa taarifa ya usalama, uso ukimng'aa: tangu masika hakuna kesi hata moja ya ng'ombe kuingia shambani iliyoletwa kutoka bondeni. Hali ni shwari. Watu wakapiga makofi.

Sikupanga kusimama. Niliona tu nimeshasimama, makabrasha nimeyakumbatia kifuani. Nikasema, "Samahani, mheshimiwa. Ng'ombe hawajaacha kula mtama. Niliona shamba kwa macho yangu. Watu ndio wameacha kuja kwenu." Nikaeleza mtoni, salamu, jua, makoti. Nilisahau nusu ya niliyotaka kusema. Afisa akatabasamu, akasema, "Dada yetu ametoka Mpui, kule baridi. Bondeni watu wana malaria, wanavaa makoti." Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, midomo yangu ilijaribu kucheka nao.

Baada ya hapo nilihamishiwa maktaba. Hakuna aliyenifokea. Jina langu halikutokea tu kwenye safari yoyote.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Habari ililetwa na dereva wa lori, ikapita kwa Mama Fides, ikanifikia kwa simu ya chuo. Ilikuwa mchana, watu wengi wako mtoni. Ng'ombe wa Masunga waliingia kwenye mtama. Gaudens hakupiga kelele. Maduhu naye hakupiga kelele. Wanawake waliokuwa wanafua wanasema hawakusikia neno lolote, hata tusi, ndiyo maana hakuna aliyeinua kichwa hadi mlio wa kwanza wa bunduki. Gaudens amekufa. Maduhu amekufa. Mke wa Gaudens, Mama Leokadia, alikimbia mtoni na mikono ina unga, na Masunga alikimbia kutoka upande wake, na wakafika wakati mmoja. Wanasema walisimama pale, kila mmoja na maiti yake, na bado hakuna aliyemtukana mwenzake.

Laiti wangetukanana, Baba Fides. Nililia kwa sababu ya hilo kuliko jingine lolote.

Siku mbili tatu baadaye Dokta Lugome aliniita ofisini kwako. Ofisini kwake, niseme. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na hakugusa kalamu. Alisema, "Nilikosea." Halafu, kabla sijalimeza hilo, akasema wafadhili wamepiga simu, wanamtaka mtafiti anayeijua Rukwa, na kwamba ameamua niongoze mimi utafiti wote wa mpaka wa magharibi. Miaka yote nimekitamani kitu hicho. Kimekuja kimepita juu ya watu wawili. Nikamwambia nakubali kwa sharti moja: kikao cha Jumatatu kianze na aliyetoka huko. Alikubali mara moja. Upesi mno, kwa kweli. Tutaona.

Nimewauliza wakubwa hapa mkoani wanafanya nini. Wameandika waliokufa. Wamekamata bunduki zilizoanguka mtoni. Hakuna aliyeniuliza ni nani mwingine amenunua. Jana nilipita soko la mitumba hapa mjini. Vijana walikuwa wanajaribu makoti, wanataniana, mambo, poa, mmoja ananyoosha mikono aone kama koti linamtosha. Nilisimama pale hadi muuzaji akaniuliza nataka saizi gani. Bondeni nilitambua kwa sababu ya joto. Lakini huku juu, Baba Fides, kwa baridi hii, sote tunavaa makoti. Mollo, Mpui, kaka zangu wote. Nitajuaje?

Masunga amenitumia ujumbe kwa mtu wa lori. Anasema nije, lakini nisije na gari la chuo wala la serikali, niingie kijijini mchana watu wote wakiniona, na niondoke kabla ya jua kuzama. Shija, mtoto wake mkubwa, amerudi kutoka Tabora kuzika mdogo wake na hajaondoka. Haongei na mtu. Na upande ule, wadogo zake Gaudens wameteremka kutoka huku juu, nao ni wapole sana, kila mtu anausifu upole wao.

Mama Fides ananisihi nisiende. Asubuhi, pale kaburini, alinishika kiwiko, akasema, "Mmoja ananitosha." Nilimwambia nitarudi kula ulezi mpya kwake, naye akajibu kwamba ulezi si jibu.

Nitakwenda kesho. Masunga ameniomba niondoke kabla ya jua kuzama, na hapo tu nitamkatalia. Nitalala kwa Mama Leokadia, nyumbani kwa wafiwa, ndugu za Gaudens wanione nikila chakula chao. Asubuhi nitavuka mto kwa miguu, nikalale kwa Masunga, Shija anione nikila chake. Halafu nitavuka tena. Kila upande utanichukia kwa kulala upande wa pili, na watakuja kuniambia hivyo, na nitawaomba waniambie kwa sauti kubwa. Wakinitukana nitakaa juu ya jiwe.

Pumzika, Baba Fides. Jembe lako Mama Fides amelitia mpini mpya. Hii nakuahidi, na nimekwishamwambia Sefu ili nisiweze kurudi nyuma: sitatoka Ilemba mpaka nisikie watu wale wakigombana.

Mwanao,
Skola