Gunzi Kwenye Rejeta ya Datsun

Mlamu Kastoli, kamwene!

Datsun yangu kuukuu imefika Iringa kabla ya basi, watu wakapiga makofi. Haya, nimedanganya. Tuko Chimala, na makofi ni ya wauza mchele waliotuona tukiingia sokoni tunavutwa na ng'ombe wawili wa Msukuma mmoja. Dada yako kashika usukani kama bibi mkubwa, mimi nipo mbele na kamba.

Rejeta ilitema maji yote barabarani. Msukuma akachungulia, akasema, "Mzee, ng'ombe wako wa Kijapani hanywi, anatapika." Nikafungua boneti. Mahali pa mfuniko wa rejeta pamezibwa kwa gunzi! Dada yako akacheka hadi akakaa chini: "Si la kibuyu cha ulanzi cha kaka yangu hilo?"

Ndiyo, fundi wangu. Jana tukiosha gari huku tunakunywa hiyo pombe yako ya mianzi, ulisema, "Niachie mimi maji ya rejeta." Nikakuachia. Sasa mfuniko niliousaka miaka miwili mpaka Tunduma unakinga ulanzi wako na nzi.

Duka la hapa lina vipuri vya trekta tu, na kesho kutwa mjukuu wetu anaolewa Ipogolo. Gari la bibi harusi ndilo hili.

Wasalimie watoto, Mungu akupe afya na akili kidogo. Nilikubebea mbolea mara tatu, hata asante sikuona. Nilipe leo: kondakta aliyekuletea kadi hii analo gunzi lako. Badilishaneni, na safari hii angalia kipi ni kipi.

Mlamu wako,
Yeremia