Lile Boksi Jeusi la Corolla Yako

Huku mlimani, Jumanne mchana

Kwa mdogo wangu Eleuterio,

Pokea salamu za kaka yako na uwagawie wote wa nyumbani kwako, ila yule mbwa aliyeniuma wakati wa Pasaka usimpe hata moja. Mgongo unaendeleaje? Na daktari amekurudishia kahawa, au bado unakunywa maji ya moto kama mtawa? Huku tupo. Dada yetu Providencia anakwenda kwenye mashine ya kusafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anarudi amechoka, analala kidogo, akiamka anagombana na redio. Mimi nina afya ya farasi. Usipige simu, imeharibika.

Nakupa habari kabla watu hawajakuharibia utamu wake: kaka yako, na miaka yake sabini na minne, ndiye dereva mwenye kasi kuliko wote mlimani. Jumapili kabla ya hii iliyopita niliwapita vijana saba wa Utuado, wale wa magari yaliyoshushwa mpaka yanakwangua lami. Niliwapita wote saba kwa mpigo mmoja, Corolla ikinguruma kama ndege ya vita.

Haya, acha kucheka. Walikuwa wameegesha kwenye kibanda cha nguruwe wa kuchoma, wanakula. Lakini niliwapita, na mmoja aligeuza kichwa, mfupa ungali mdomoni.

Ile ngurumo, hata hivyo, ni ya kweli. Gari ambalo sijaligusa zaidi ya kulibadilishia oili tangu siku tuliponunua yetu mawili, jeupe lako na kijani langu, nimelitia urembo uzeeni. Najua utasema nimepata mjane. Dada amesema hivyo hivyo, tena mbele ya padri.

Ilianza Januari, baada ya Sikukuu ya Wafalme. Gari lilinyamaza. Nikikanyaga mafuta linakwenda, kilima linapanda, lakini sauti hakuna. Unajua mimi gia nabadilisha kwa sikio, sijawahi kutazama ule mshale wa kwenye dashibodi tangu nizaliwe. Basi kila nikiingiza gia ya pili dada anakunja uso kama amekula limau. Mara mbili nilijaribu kuwasha injini ambayo tayari inawaka. Nikaenda kwa Wiso fundi, nikamwambia gari langu limekuwa bubu. Wiso akafungua boneti, akasikiliza, akaniambia, "Don Sindo, hili gari linaimba. Labda ni wewe umechoka na wimbo." Nikamwona mjinga. Nikamwambia sitaki uganga, nataka gari lipate sauti, na atafute njia.

Hapo macho yakamwaka. Fundi ukimwambia arekebishe breki anakaa kama amefiwa. Mwambie urembo, anakuvutia kiti. Alinieleza nusu saa nzima, akipiga kelele ili ashinde redio yake. Akasema vijana wote huanzia hapo, kwenye njia ya hewa, kwa sababu injini ni kama mtu, kwanza ivute pumzi. Akaniwekea njia tatu mezani, na mezani kweli, maana aliyapanga mabomba kati ya spana na mkate wake.

Ya kwanza ni kuliacha boksi la ea klina kama lilivyotoka kiwandani, ubadilishe chujio lile la karatasi tu, uweke la kitambaa chenye mafuta ambalo unaliosha na kulirudisha. Hiyo, akasema, ni ya mapadri, maana hakuna atakayejua. Ya pili ni bomba refu linaloshuka mpaka karibu na gurudumu, likavute hewa ya baridi huko chini. Injini inaipenda baridi. Ila kwa mvua zetu na mito yetu inayokatiza barabara, siku moja itavuta maji badala ya hewa, na injini ikinywa maji inakufa palepale, haiagi. Ya tatu ni bomba fupi, na chujio lenye umbo la nanasi likae juu ya injini wazi bila boksi. Nikamuuliza hilo nanasi lina faida gani. Akakuna kichwa. "Nisikudanganye, mzee wangu. Litavuta hewa ya moto, nguvu haliongezi hata ya mbuzi. Labda lipunguze kidogo. Linaongeza kelele tu."

Nikasema hilo hilo.

Siku ya kulifunga alikuja mtaa mzima, kama tunamchinja nguruwe wa Krismasi. Doña Fela wa jirani alileta kahawa na ndoo ya kukalia. Wiso alipolitoa lile boksi la zamani akataka kunifungia kwenye gazeti ili nilitunze, endapo nitajuta. Mimi, kwa kuwa watu wanatazama, nikalichukua nikaliweka chini nikalikanyaga kwa miguu yote miwili. Lilipasuka kama yai. Wakapiga makofi. Halafu Wiso akaingia ndani ya gari, mimi nikasimama mbele ya boneti na kikombe changu, nangoja. Naona watu wanaziba masikio. Nikapaza sauti, "Wiso, unamngoja askofu? Washa gari!"

Walicheka mpaka Doña Fela akaanguka kutoka kwenye ndoo. Wiso akatoa kichwa dirishani, akaninyooshea dole gumba, akakanyaga mafuta hadi chini. Ndipo nikalisikia. Lilinipiga kifuani kwanza, kama ngoma, halafu likapanda. Terio, nililia. Wakadhani ni furaha.

Sasa nikusimulie Jumatatu ya wiki iliyopita. Unaikumbuka Kona ya Mjane, pale barabara inapobana kati ya mwamba na korongo. Ni gari moja tu linapita. Unapiga honi mara mbili, unasimama, unasikiliza. Ukijibiwa unangoja. Usipojibiwa unapita. Ndivyo baba alivyotufundisha.

Tulikuwa tunatoka kwenye mashine, mchana mweupe, dada kando yangu na plasta yake mkononi. Nilipiga honi mara mbili, nikasimama. Nikangoja. Nikapita.

Lori la ndizi mbichi lilikuwa katikati ya kona.

Sijui nilifanya nini na usukani. Ninachojua ni kwamba tulisimama, gurudumu la mbele la upande wa dada likiwa hewani, na chini yake vile vilele vya miti unavyovijua. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeng'oka, vichane vya ndizi vimetapakaa juu ya boneti. Dada alikuwa ameshika rozari. Nilimwambia asiguse hata pua yake. Nikarudisha gari nyuma inchi kwa inchi, goti la mguu wa klachi nimelishika kwa mkono. Gurudumu lilipogusa lami nilijikuta nimejikojolea. Sijamwambia mtu, na wewe ukimwambia mtu nitakukana.

Dereva wa lori alishuka. Nikaona mishipa ya shingo na mdomo unaokwenda. Akaja mpaka dirishani kwangu akipayuka, akaapa kwa mama yake kwamba alijibu honi mara tatu. Mara tatu! Akataka kujua tuna nini vichwani, makumbi? Na dada yetu, ambaye hajawahi kumwomba msamaha mtu yeyote, hata marehemu mume wake, alishuka kwenye gari akamshika yule mtu mkono akamwambia kwa sauti kuu, "Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye sikusikia."

Geuza karatasi, Terio. Upande wa pili huu ndio nilioanza kuandika tangu Alhamisi, nikauchana mara nne.

Simu yangu haijaharibika. Inalia, naiona inatikisika mezani, nikiipokea nasikia kama mtu anaongea ndani ya mto wa kulalia. Ndiyo maana nilikukatia siku ile ya kuzaliwa kwako. Tangu Sikukuu ya Wafalme inapungua, inapungua. Mvua ikinyesha juu ya bati najua kwa kuona nguo zimelowa kwenye kamba. Nilimwambia Doña Fela ukame umewamaliza vyura wetu, akanitazama akasema vyura hao hao hawamwachi alale. Siku Wiso alipowasha gari, sikufanya mzaha. Sikujua kwamba limewaka. Watu wakacheka, na mimi, kwa kuwa miaka yote hii nimewazoesha kucheka nikifungua mdomo, nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nimekufa kwa hofu.

Kuna na hili. Unajua dada akiwa ndani ya gari anavyojifanya polisi wa barabarani. Akisikia honi upande wa pili wa kona, ananichapa paja. Nimemtania miaka kumi na mbili kwa ajili ya yale makofi, nikamwambia paja langu la kulia limekuwa gumu kama ngozi ya ng'ombe. Tangu Januari ni makofi hayo tu yanayonipitisha. Nilikuwa naendesha kwa masikio yake bila kumwomba. Halafu nikaenda kununua nanasi la kunguruma, kwa ajili yangu, nikamziba yeye. Jumatatu ile nilingoja kofi. Kofi halikuja. Nikapita.

Na bado hiyo siyo mbaya kuliko zote. Njiani, baada ya lori, aliniuliza kwa kunisogelea sikioni, "Sindo, wewe pia hukuisikia?" Nikasema sikuisikia, kelele. Sikusema zaidi. Naye akaamua kwamba honi tatu zisingeweza kumpita mtu mzima wa masikio, kelele au bila kelele, na kwamba ni yeye anayezibwa kwa uzee. Tangu siku hiyo anajipima masikio. Anaongeza redio, anapunguza, anaongeza. Nilimkuta jikoni anagonga sufuria kwa kijiko karibu na sikio, hivi, polepole. Akaniomba nisimwambie binti yake aliyeko ng'ambo, Orlando, maana watamchukua, na huko hataki kufia. Nikasema sitasema. Nikanywa kahawa yangu. Amechukua miadi na daktari wa masikio, Alhamisi hii, na anakwenda na hofu tupu mtu ambaye anasikia panya akivua viatu.

Nimemdanganya pia kwamba ekseli imepinda. Gari liko chini ya turubai. Shemasi ndiye anayempeleka kwenye mashine na lile basi lake dogo, pamoja na wengine watano, na akimaliza wanamwacha barazani saa nzima mpaka wote watimie. Ijumaa alirudi midomo myeupe. Akasema ni heri akae nyumbani siku moja moja. Unajua maana ya kukaa nyumbani siku moja moja kwa mtu wa mashine. Mimi najua. Ninaogopa kumpeleka na ninaogopa asipopelekwa, na katikati ya hofu hizo mbili nimekaa kama lile gurudumu.

Basi nimeamua. Kesho jioni, akishatoka kwenye mashine na kulala kidogo, akiwa anachambua mbaazi za wali na mikono yake ina kazi, asiweze kunirushia kitu, nitamwambia yote. Alhamisi kwa daktari nitaingia mimi. Wakinipa kile kidude cha sikioni nitakivaa, na wewe utanicheka mpaka ufe, sawa. Na sitaendesha tena kwenye kona zile bila yeye kando yangu, akikubali. Nimekwambia wewe kwanza kwa sababu nilitaka kujaribu kama maneno yanatoka. Yametoka. Hayana ladha nzuri.

Nisalimie mkeo, na wajukuu, na yule jirani yako aliyekopa ngazi. Barua hii anakuletea dereva wa gari la mikate. Mpe kahawa, hataki maji ya moto.

Sasa jambo dogo. Mwaka wa kimbunga, tisini na nane, mti wa parachichi ulipoivunja taa yako ya mbele ya kushoto na mkeo akiwa hospitali, nilifungua yangu nikakupa palepale barabarani, tena kwa mvua. Niliendesha miezi saba na jicho moja, kila polisi wa mlimani akinijua kwa jina. Ukaniambia, "Kaka, siku yoyote, kitu chochote." Sijaomba mpaka leo. Wiso ametafuta kwenye skrepa zote, boksi la mwaka wetu hakuna. Wewe unalo, ndani ya ile Corolla yako nyeupe iliyolala nyuma ya banda la kuku. Ni lile boksi jeusi la ea klina, lenye klipu nne na bomba la mpira lenye mikunjo. Zifungue klipu taratibu, plastiki imezeeka kama wewe. Lilete Jumapili, ili Wiso alifunge jioni na Jumatatu saa mbili asubuhi dada awe mahali pake ndani ya gari lililo kimya.

Ukifika usipige honi getini. Ingia tu, uniguse begani.

Kaka yako,
Gumersindo