Felista Anadhani Karatu Ni Bondeni

Evarista, acha hayo maharage unayochambua usome.

Mjukuu wangu Felista anakwenda Mafia mwisho wa juma, kupiga mbizi! Mtoto wa Rhotia, bahari ameiona kwenye simu tu!

Sasa hivi amezungumza na mwalimu wake wa huko, nami nikisikia: "Jumapili nitazamia, mchana nitapanda ndege, Jumatatu alfajiri nitawapeleka watalii Kreta ya Ngorongoro."

Yule kijana akamuuliza: "Dada, kwenu ni mlimani?"

"Mlimani wapi, kaka? Karatu!"

Karatu, Evarista! Tunavaa sweta mwaka mzima, yeye anaona ni bondeni kwa sababu Ngorongoro iko juu yetu!

Kijana akamwonya: ukitoka kilindini ukapanda ndege au mlima mapema, hewa iliyobaki mwilini huchemka kama povu la soda. Mtu hupooza. Hufa.

Nikamnyang'anya simu. "Mwanangu, akae huko mpaka lini?"

"Mpaka Jumanne, Bibi."

Felista akacheka. Akacheka, Evarista! "Nikiwahi kuondoka, nani atanizuia?"

Nimekwisha kukata tiketi ya Mafia. Nitaketi mlangoni pake mpaka Jumanne. Niazime kofia yako ya jua.