Ndevu za Bwana Harusi

Oksana, Derek amekataa kunyoa! Harusi Jumamosi, shoga, Jumamosi!

Eti mpaka timu ya Petrash itolewe kwenye mtoano ndipo ashike wembe. Akinyoa sasa ataitia mkosi.

Nikamwambia, "Petrash ni mcheza mpira wa magongo wa barafuni tu." Weee! "Tu? Yule alipiga kile kisahani wanachochezea kikatoboa wavu, kikatoboa ukuta, baridi ya mwaka ule ikalikimbia jimbo zima la Saskatchewan! Barafu yenyewe humwamkia!"

Nikauliza, "Na mimi je?" Akakuna ndevu. Akakuna tena. "Wewe una roho nzuri, mpenzi."

Roho nzuri! Mwenzangu kafukuza baridi!

Sasa hivi wanacheza. Nimekaa naye kochini, nimevaa jezi ya Petrash, nashangilia, na moyoni naomba wafungwe mabao kumi.